Risasi za Fungu la Pili

Darsait, Maskati, Alkhamisi 9 Septemba 2004

Nilimaliza skuli mwezi wa sita, na tangu siku hiyo kazi yangu ni kukunja nguo na kuitika labeka. Leo baba amekubali. Atanipeleka klabu ya shabaha kila Alkhamisi na Ijumaa mpaka wachaguliwe wa kushindana mwezi wa kumi na mbili. Wasichana watakaochaguliwa watapewa mafunzo ya mwaka mzima. Nisipochaguliwa, Jumamosi inayofuata naanza kazi Wattaya, kwenye duka la magari la ami Maan. Ami keshanitengea kiti.

"Msimu mmoja, Bashayer," baba kasema. "Sitaki kusikia nyongeza."

Nafasi ni mbili. Tunaozitaka tuko watatu.

Ijumaa 10 Septemba

Nimewaona wenzangu. Mmoja namjua tangu utotoni: Shaikha, binti wa ami Maan, ambaye husema kabla hajafikiri na watu wakampenda kwa hilo hilo. Wa pili ni Ann, Mkenya, mkubwa kuliko sisi, anafanya kazi ya kufundisha mazoezi kwenye hoteli kule Bustan. Kwao Nakuru alikuwa askari magereza. Anashika bunduki kama mama anavyoshika mwiko. Kanisalimia, "Sasa, mrembo?" Nikatazama viatu vyangu. Sikujua inaitikiwaje.

Mashindano ni ya silaha tatu: bunduki, bastola, na bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe. Unakimbia kutoka kituo hadi kituo na saa inakuhesabia. Kocha Ishaq anasema bunduki ndiyo yenye alama nyingi, basi tutaanza nayo. Ni bunduki ndogo, inajipakia yenyewe. Kila msichana kapewa yake.

Alkhamisi 16 Septemba

Nilidhani risasi ni risasi. Leo kocha kapanga mezani makasha ya aina moja, kampuni moja, rangi moja, ila yametengenezwa kwa mafungu matatu mbalimbali, na kila fungu lina nambari yake ubavuni.

"Bunduki huchagua," kasema. "Hizi za jirani yako zinaweza kulenga kama sindano kwake, kwako zikamwagika kama mchele. Hatuchagui kwa bei wala kwa picha ya kasha. Tunapiga, tunatazama karatasi."

Tulilala kifudifudi tukapiga tano tano. Fungu la kwanza likamwagika kweli. Fungu la tatu lilikusanyika vizuri mno, lakini ni la polepole: risasi haina nguvu ya kusukuma ganda litoke, bunduki ikakwama mara mbili. Kocha akatikisa kichwa. Kwenye karatasi peke yake lingefaa, lakini kwenye sahani za chuma za kuangusha, huku saa inakimbia, kukwama ni kushindwa. Fungu la pili likatoka sawa bila ya kukwama, na matundu yangu yote matano yalifunikwa na sarafu ya baisa hamsini. Kwa Shaikha na Ann pia lilikuwa hilo hilo.

Kocha akamwita Mzee Saeed, mtunza ghala. "Fungu la pili ni la wasichana mpaka mashindano. Asiliguse mtu mwingine."

Mzee Saeed alikuwa polisi Unguja zamani za Waingereza, na ghala ni roho yake. Akasema, "Likitoka hata moja bila ya idhini yangu, nikateni mkono."

Risasi hizi zina utando wa mafuta. Nimerudi na ukoko mweusi kwenye mkono wa baibui. "Nanuka kama mshumaa," Shaikha kalalamika, akampaka Ann shavuni. Ann akamfukuza mpaka kwenye gari.

Alkhamisi 23 Septemba

Nzuri. Sahani zote za chuma zimeanguka.

Ijumaa 1 Oktoba

Joto. Nimekuwa wa pili nyuma ya Ann, mbele ya Shaikha. Ikibaki hivi nimo.

Ijumaa 8 Oktoba

Tena wa pili. Baba kanunua halwa njiani, hakusema ya nini.

Jumapili 17 Oktoba

Ramadhani imeingia. Mazoezi sasa ni baada ya Alasiri, tunamaliza kabla ya kufuturu. Mzee Saeed anatutayarishia risasi mwenyewe kwenye visahani vya plastiki, kila kimoja na jina juu ya kifuniko. Ann huja mapema na basi la hoteli, kwa hiyo yeye ndiye anayevichukua dirishani kwa mzee na kutuletea kwenye mstari.

Alkhamisi 21 Oktoba

Bunduki yangu imekwama, na kwenye karatasi matundu yametawanyika. Nimemwambia kocha pengine ni saumu, mikono inatetemeka. Kasema pumua.

Shaikha naye imekwama mara mbili. Ya Ann haikukwama hata mara moja.

Ijumaa 22 Oktoba

Tena. Ann peke yake ndiye aliyepiga vizuri. Anatafuna ubani kwa siri nyuma ya ukuta, kisha anakuja kutwambia, "Poleni, mko na njaa." Nimejiambia ni njaa.

Ijumaa 29 Oktoba

Si njaa.

Leo nimekula daku kubwa, nimelala mchana, mkono wangu ulikuwa umetulia kama meza. Mwanzo zilikwenda. Baada ya kisahani kimoja zikaanza kupanda juu kushoto, kisha popote zitakapo. Nilipoisafisha bunduki, kijiti kilitoka na vipande vya madini vya kijivu ambavyo Septemba sikuviona.

Nimeona kitu kingine. Tulipokuwa tunapakia, nilitazama vidole vya Ann. Vinang'aa. Vyangu vikavu. Risasi zake zina mafuta, zangu ni safi kama vijiko vya kabatini. Nilikuwa nimefurahi kwamba baibui langu haliharibiki tena. Sikujiuliza kwa nini.

Anazipaka kitu. Anazichukua dirishani, anakwenda nazo nyuma ya ukuta peke yake, anazipaka zake, zetu anaziacha. Au zetu anazifanyia kitu kingine. Fungu ni moja, kasha moja, ghala moja, na anayezigusa kati ya mzee na sisi ni mtu mmoja tu.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu 1 Novemba

Mama kaniuliza mbona naunguza sambusa. Nilikuwa namwaza Ann. Nakumbuka kila neno lake na kila neno limegeuka. "Poleni" ilikuwa ya nini? Kwa nini anacheka sana na sisi? Watu hawachekei wanaoshindana nao.

Alkhamisi 4 Novemba

Ninaandika yote, kwa sababu yametokea kwa sababu yangu.

Shaikha alikwama mara tatu leo na akakaa chini kulia. Nilikaa karibu naye. Mimi nikikaa na mtu anayelia sijui la kusema, basi nikasema nililokuwa nalo. Nilimnong'oneza: "Tangu awe Ann ndo mletaji, risasi zetu zimeharibika. Zake anazipaka mafuta. Tazama vidole vyake."

Shaikha hakutazama vidole. Alisimama akapiga kelele uwanja mzima.

"Kocha! Huyu anatufanyia khiana!"

Watu wote wakageuka: wanaume wa mstari wa bastola, baba zetu kwenye viti, Mzee Saeed dirishani. Ann alidhani ni mzaha. Akainua mikono kama mtu aliyekamatwa, akacheka. "Nimefanya nini tena? Nimekula sambusa yako?"

"Fungua mkoba," Shaikha akasema.

Kocha Ishaq akasema hakuna haja. Mmoja katika wale baba akasema haja ipo, ajisafishe tu, kama hana kitu ataogopa nini. Ann akaacha kucheka. Akautazama mkoba wake, kisha akamimina kila kitu juu ya meza ya risasi: chanuo, kitambulisho cha hoteli, Biblia ndogo, soksi, na kijikopo cha Vaselini.

Shaikha akakinyanyua kile kijikopo.

"Ni ya midomo," Ann akasema. "Jua yenu hii inanipasua midomo. Si mngeniuliza tu?"

Kocha akasema hamshutumu, lakini tangu leo risasi ataleta Shaikha. Ann akakusanya vitu vyake kimoja kimoja. Soksi ilianguka karibu na mguu wangu. Nilijua inafaa niiokote. Sikuiokota.

Hakuna aliyejua kwamba neno lilitoka kwangu, ila Shaikha. Ndani ya gari baba kasema, "Mtu humjui mpaka umpekue." Mie nilinyamaza na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Kweli ulikuwa mwepesi, nisidanganye.

Ijumaa 5 Novemba

Ann kaja. Hasemi na mtu. Kapiga vizuri zaidi ya siku zote.

Sisi tumekwama.

Jumatano 10 Novemba

Leo nimejaribu kufikiri kama mtu wa skuli. Ann hazigusi tena, na bado ni mbovu. Sasa ni nani? Shaikha ndiye mletaji. Lakini Shaikha mwenyewe anakwama. Au anajikwamisha kusudi, nisimshuku? Au ni kocha, anamtaka Ann ashinde? Kocha ndiye aliyesema hakuna haja ya kupekua. Hata mama alipoingia chumbani kuniuliza kama nimeona mkasi, nilimtazama kama mwizi.

Nikishuku hivi mpaka mwisho wa mwezi nitamshuku na muadhini.

Alkhamisi 11 Novemba

Nimefanya jaribio. Nilisafisha bunduki mpaka mtutu ukang'aa. Shaikha alipoleta visahani, nilibadilisha vifuniko, changu kwa Ann na cha Ann kwangu, wala hakuna aliyeona. Vidole vyangu vikaingia mafuta, na nikapiga kama Septemba. Ann kwa mara ya kwanza akakwama. Akaitazama risasi, akaisugua kwa kidole, akanigeukia mimi moja kwa moja. Anajua nilimgeuzia.

Basi si bunduki na si mkono wangu. Na si Vaselini, maana kisahani hakikumfikia kabla yangu. Risasi zinatoka ghalani hivyo, zake zina mafuta na zetu hazina.

Jumapili 14 Novemba

Idi. Nimekwenda kwa watu na kurudi. Shaikha kanisogelea na sahani ya halwa. "Umemsikia yule Ann? Anasema eti sie tuombe radhi." Nikasema nakwenda kumsaidia bibi.

Alkhamisi 18 Novemba

Nilimwomba baba anifikishe mapema, nikamwambia kuna usafi wa silaha. Dirisha la ghala lilikuwa wazi nusu. Mzee Saeed kakaa juu ya mswala wa zamani, kikombe cha maji ya moto pembeni, kitambaa cheupe mkononi. Anachukua risasi moja, anasema bismillahi, anaifuta mpaka inang'aa, anaiweka kwenye kisahani chenye jina langu. Kisahani cha Ann kilikuwa kimeshajaa kando, risasi zake hazikufutwa.

Kwa kawaida ningeondoka. Nilisikia sauti yangu inasema, "Babu, unafanya nini?"

Hakushituka. Alifurahi kuniona. "Alaa, Bashayer. Njoo mwanangu, ila usiseme kwa wenzio." Akateremsha sauti. "Nlisikia msikitini, kabla ya Ramadhani. Vijana wanasema mafuta ya risasi hizi za Ulaya ni shahamu ya nguruwe. Nyie watoto mnashika, mnafunga, jioni mnatia tende mdomoni kwa mikono hiyo hiyo. Nikasema, la, mie niko hai na watoto wa watu wanakula najisi? Nazifuta moja moja. Macho yananiuma, lakini thawabu yake kwa Mungu."

"Na za Ann?"

"Ann si Mkristo? Yeye nguruwe kwake ni kitoweo. Nimsumbukie ya nini?"

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anasubiri nimshukuru.

Nilikwenda kwa kocha. Alikuja mbio. Alipoviona visahani alijishika kichwa.

"Mzee wangu, hii ni nta! Nta tu! Inalainisha risasi ipite mtutuni. Ukiiondoa, madini yanaganda ndani, bunduki inakwama, shabaha inapotea. Mwezi mzima natafuta ugonjwa, kumbe daktari ndiye anayetia sumu!"

"Nta ya nini?" Mzee Saeed akauliza, kidevu juu.

"Nta ya mshumaa!"

"Wee umeionja?"

Kocha akachukua risasi moja kwenye kisahani cha Ann, akailamba mbele ya mzee. "Haya. Mshumaa." Mzee Saeed akaitazama ile risasi, akakitazama kitambaa chake. Akakikunja mara nne, akakitia mfukoni.

"Nlitaka heri," akasema. Kisha akauliza, "Na yule mtoto wa Kikristo, mliyemmwagia mkoba?"

Kocha alikuwa keshaondoka kwenda kuhesabu makasha, na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ijumaa 19 Novemba

Tumepigia upya kwa risasi ambazo hazijafutwa. Ann wa kwanza. Shaikha wa pili kwa alama chache. Mimi wa tatu.

Nilikuwa naandaa uso wa kumpelekea baba. Kocha akaandika ubaoni kwa chaki: Ann, Shaikha. Ann akainua mkono kama darasani.

"Unifute, kocha. Mimi nimechoka. Nilikuja Maskati kutafuta kazi, sikuja kupekuliwa. Nimechukua zamu za Alkhamisi na Ijumaa hotelini."

"Tumejua si wewe. Mzee keshasema."

"Mzee amesema vile alifanya. Walionisema hawajasema." Akabeba mkoba wake akaenda kungoja basi.

Kocha akamfuta, akaandika Bashayer. Akasema majina yanaweza kubadilishwa mpaka Ijumaa ijayo, baada ya hapo yanapelekwa kwa wenye mashindano. Shaikha akanikumbatia. "Si unaona? Mungu kakupangia."

Baba kanunua halwa tena. Mara hii kasema ya nini.

Jumamosi 20 Novemba

Nimo.

Jumapili 21 Novemba

Nimo kwenye timu. Nimeandika tena nione kama yatakuwa matamu. Naona soksi iliyoanguka chini.

Jumatano 24 Novemba

Nimekwenda Bustan. Nilimwambia mama nakwenda kwa Shaikha, nikapanda teksi.

Ukumbi wa hoteli ile ni mkubwa hata nilishindwa kujua mtu husimama wapi. Kwenye meza ya mapokezi mwanamume kaniuliza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, na sauti haikutoka. Mwisho nikasema, "Ann," kama mtoto aliyepotea. Alikuja na nguo za mazoezi, taulo shingoni.

"Umekuja kuogelea?"

"Nimekuja kukwambia urudi."

"Nani amekutuma? Kocha?"

"Hakuna."

"Si jina lako liko kwa ubao?"

"Liko."

"Sasa? Nikirudi wewe unatoka. Umefikiria hiyo?"

Nikasema nimefikiri. Akanitazama. Nadhani alikuwa ananishuku, na ni haki yake.

"Ni Shaikha alianza?" akauliza.

"Ni mimi. Mie ndo niliyemwambia. Nilisema tangu uwe mletaji risasi zimeharibika, na nikasema atazame vidole vyako. Yeye alipaza sauti tu."

Ann aliketi kwenye ukingo wa chombo cha maua. "Nilijua," akasema. "Ulikuwa unaniangalia vidole kila siku. Nikafikiri labda unapenda rangi ya kucha." Karibu acheke, akajizuia. "Sikiza. Wewe umeniambia hapa, mimi na wewe. Hiyo asante. Lakini mimi sikupekuliwa mimi na wewe. Nilimwaga hadi soksi mbele ya wababa wa watu. Kama unataka nirudi, sema hapo hapo. Kwa sauti. Na mimi nikiwa hapo nasikia."

"Siwezi kusema mbele ya watu."

"Basi enda ushindane, mrembo. Nitakuombea." Akarudi kazini.

Alkhamisi 25 Novemba

Nimepiga vizuri sana leo. Nimekuwa wa kwanza. Nimechukia kila risasi.

Ijumaa 26 Novemba

Baada ya sala ya Ijumaa walikusanyika wote kutazama majina yakifungwa. Baba alikaa kiti cha mbele na kanzu mpya. Ami Maan alikuwapo. Mzee Saeed alisimama mlangoni pa ghala lake. Nilitazama njia ya basi na nikaomba Ann asije. Akaja, na nguo za hoteli, ana nusu saa tu. Alisimama nyuma kabisa.

Kocha akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajafunga. Nilisimama. Shaikha akanivuta baibui: "Kaa chini, una nini?"

Nikasema. Nilisikia damu masikioni na sikusikia maneno yangu. Nilipomaliza nikaona nyuso zinatazamana, na baba kainama mbele kama asiyesikia vizuri.

"Sijasikia!" Ann akasema kutoka nyuma. "Sema tena."

Mtu akacheka. Ami Maan akamwambia baba, "Msellem, mtie adabu mwanao akae." Baba hakuniambia nikae.

Nikasema tena, kwa kelele, sauti ikakatika katikati nikaiunga. "Mimi ndiye niliyesema Ann anaharibu risasi. Sikuwa na ushahidi. Niliona vidole vyake vina mafuta nikamdhania. Alikuwa mtu mwema kwangu tangu siku ya kwanza, nami nikamfanya akamwaga mkoba wake mbele yenu. Na soksi yake ilianguka hapa na sikumwokotea."

Mzee Saeed akasema kutoka mlangoni, "Na mie. Mie nilimwona anapekuliwa, kitambaa kiko mfukoni mwangu, nikanyamaza."

Ann alipita katikati ya viti. Alisimama mbele yangu, karibu.

"Nimesikia," akasema. "Sijakusamehe, usichanganye. Lakini nimesikia." Akamgeukia mzee. "Babu, nipe kisahani. Nina nusu saa, na usinifutie hata moja."

Mzee Saeed akaingia ghalani karibu mbio.

Kocha Ishaq akaenda ubaoni. Hakuniuliza kama niko radhi. Alilifuta jina langu kwa kidole gumba, akapapasa ukingoni mwa ubao kutafuta chaki aandike la Ann, hakuiona. Ilikuwa imeanguka karibu na kiti cha baba. Baba akaiokota, akaifuta vumbi, akanipa mimi. Nami nikampa kocha.